Ile C usiibandike mwisho: uzi wa wanaohangaika na ikwesheni za difrenshali

Mwalimu wa Jioni
Assalamu alaikum, na wengine habari za jioni. Leo nataka tuongee hii herufi C, konstanti ya intigresheni, maana nshachoka kuona vijana wenye akili zao timamu wakipoteza maksi kwa herufi moja. Nafundisha tuisheni jioni huku Kisauni, Mombasa, wa fomu foo na wale wa chuo mwaka wa kwanza na wa pili, na ntawaambia ukweli, kuintigreti wenyewe wanajua, kutenganisha x huku na y kule wanajua, logi wanajua, lakini wakifika kwenye C kila mtu anaiweka pale anapokumbuka, na wengi wanakumbuka wakishafika mstari wa mwisho, wanaibandika hapo kama stempu kwenye barua, basi. Hapo ndo mambo yanaharibika.

Tuanze na maana yake. Ikwesheni ya difrenshali inakwambia kitu kinabadilika kwa kasi gani, haikwambii kilianzia wapi. Mtu akupigie simu akwambie niko kwa matatu, tumekuja upande wa Mombasa kilomita 20, halafu simu ikate. Yuko wapi? Kama alipandia Mtwapa ashafika mjini, kama alipandia Kilifi hata Mtwapa kwenyewe bado. Kilomita 20 ni zile zile. Kile usichokijua, pale alipopandia, hicho ndicho C, na huwezi kukipata kwa kupiga hesabu hata ukeshe, lazima mtu akwambie. Ndo maana swali linakuja na lile sharti la mwanzo, "y ni 2 wakati x ni 1", sio pambo lile, ndo habari yenyewe ya mahali ilipopandiwa.

Sasa mfano. Chukua kahawa imetoka kwenye dele sasa hivi, tuseme digrii 90, na hewa ya hapa ni 30. Kanuni ya kupoa ni ile aliyoiandika Newton mwaka 1701, kwamba kitu kinapoa kwa kasi inayolingana na tofauti ya joto lake na la hewa iliyokizunguka:

dT/dt = -k(T - 30)

T ni joto la kahawa, t ni dakika zilizopita, k ni namba ya kasi ya kupoa ambayo bado hatuijui.

Tenganisha, uintigreti pande zote mbili:

ln(T - 30) = -kt + C

(ln ni ile logi ya asili, yenye kitako e.)

HAPA. C imezaliwa hapa, kwenye mstari huu huu, sio mstari wa mbele. Sasa ukiondoa ln, upande wa kulia wote unapanda juu ya e, na C inapanda pamoja nao:

T - 30 = e^(-kt + C) = e^C · e^(-kt)

Ile e^C ni namba tu, tuiite A. Basi T = 30 + A·e^(-kt). Mwanzo t = 0 na T = 90, kwa hivo A = 60. Baada ya dakika 5 ukipima upate 70, inakuwa 40 = 60·e^(-5k), k inatoka kama 0.081. Ukitaka kujua itafika 50 lini, ni dakika 13 na nusu hivi. Inaingia akilini.

Tizama sasa yule aliyesahau. Yeye anaondoa ln kwanza, anaandika T - 30 = e^(-kt), halafu anakumbuka, anaongeza + C. Akiweka t = 0 anapata 60 = 1 + C, C ni 59. Jawabu lake ni T = 89 + e^(-kt). Soma vizuri hiyo. Inasema kahawa hiyo hata ukiiacha mpaka kesho asubuhi haishuki chini ya digrii 89! Kwenye karatasi mtu ameiandika kwa mwandiko mzuri kabisa na akapigia mstari chini. Hakuna kahawa kama hiyo Mombasa wala kwengine.

Na kuna kosa la pili hapo hapo, wengi wanadhani C ni "thamani ya mwanzo", wanaona 90 wanaandika A = 90. Sio. Mwanzo ni 90 lakini A ni 60, kwa sababu 30 ishakuwemo. Weka namba kwenye jawabu LOTE, halafu uone C inatoka ngapi.

Wenye maswali leteni.

binti wa Tudor
Mwalimu shukran kwa uzi, mimi niko chuo mwaka wa pili na hili swali limenitoa machozi wallahi. Ikwesheni ni y' + y/x = x (y' ni dy/dx), na y(1) = 2, yaani y ni 2 wakati x ni 1. Nikatumia ile njia ya kuzidisha na x, nikapata C = 5/3, jawabu langu y = x²/3 + 5/3. Lekchara akaniwekea X kubwa na maksi mbili kati ya saba. Lakini mimi nilihakiki!! Weka x = 1, unapata 1/3 + 5/3 = 2, sawa sawa na vile swali linataka. Na wenzangu waliopata zote C yao ni 5/3 pia. Sasa mimi kosa langu liko wapi, nimeonewa ama?

Mwalimu wa Jioni
Binti yangu hukuonewa, lakini swali lako ni zuri sana na naelewa kwa nini limekuuma, kwa sababu hapo namba zimekuchezea. Twende pole pole.

Ukizidisha na x unapata xy' + y = x². Upande wa kushoto ni kama umedifrensheti xy, kwa hivo (xy)' = x². Intigreti:

xy = x³/3 + C

C imezaliwa hapo. Sasa unataka y peke yake, unagawanya na x, na unagawanya KILA kitu:

y = x²/3 + C/x

Wewe uligawanya ile x³/3 ukaiacha C imekaa. Ama uliiongeza mwisho, yote ni yayo. Na kwa nini hukuligundua? Kwa sababu sharti lako liko kwenye x = 1, na kugawanya na 1 hakubadilishi kitu, C/1 ni C. Kwa hivo njia ya kosa na njia ya sawa zote zinakupa 5/3, na zote zinapita pale x = 1 kwenye y = 2. Lakini songa mbele kidogo tu, x = 2: jawabu la sawa linakupa 4/3 + 5/6, yaani kama 2.17, lako linakupa 3. Hizo ni njia mbili zilizokutana kituo kimoja kisha zikaachana.

Ndo ninachotaka ukishike hapa: kuweka sharti la mwanzo sio kuhakiki. Wewe mwenyewe uliichagua C ili sharti likubali, kwa hivo LAZIMA likubali, hata jawabu likiwa bovu kiasi gani. Kuhakiki ni kurudisha jawabu kwenye ikwesheni yenyewe. Chukua lako: y' = 2x/3, na y/x = x/3 + 5/(3x), jumlisha, unapata x + 5/(3x). Swali lilitaka x tupu. Ile 5/(3x) iliyobaki ndo shahidi. Fanya na la sawa: y' = 2x/3 - 5/(3x²), na y/x = x/3 + 5/(3x²), zile mbili zinauana, unabaki na x. Dakika moja tu inatosha kufanya hivyo na huhitaji mtu wa kukwambia kama umepata.

binti wa Tudor
Subhanallah. Mwaka mzima nahakiki kwa kuweka x = 1 😭 hakuna aliyewahi kuniambia hivi.

Fomu Foo Hesabu
Mwalimu mwenzangu salamu. Mimi nina maoni tofauti kidogo, usinichukulie vibaya. Wanafunzi wangu nimewafundisha wasiandike C kabisa. Mwanzo unaujua, mwisho unautaka, basi weka mipaka kwenye intigrali pande zote mbili. Kahawa yako: upande wa T kutoka 90 mpaka T, upande wa wakati kutoka 0 mpaka t. Unapata ln((T - 30)/60) = -kt moja kwa moja, 60 imejitokeza yenyewe, hakuna A hakuna C hakuna kusahau. Kwani kuwatesa na herufi ya nini?

Mwalimu wa Jioni
Ndugu yangu wala sikuchukulii vibaya, njia yako ni sahihi na mimi mwenyewe naitumia nikiwa na haraka. Ukitizama vizuri C haijapotea, imekaa kwenye ile 90 uliyoiweka chini ya intigrali. Na mtihani ukitoa sharti moja la mwanzo, njia yako ina makosa machache, hilo nakubali bila ubishi.

Ila nina mambo mawili. Swali likisema tafuta jawabu la jumla, huna mwanzo, utaweka mpaka gani chini? Hapo lazima mtoto ajue kwamba jawabu sio mstari mmoja, ni familia nzima ya mistari, na kila C ina mstari wake. Akiwa hajawahi kuiona hiyo familia anadhani ikwesheni ina jawabu moja tu, na akifika chuo anashangaa. Na la pili, zikija ikwesheni za daraja la pili, zile zenye y'' (y iliyodifrenshetiwa mara mbili), habari zinaweza kuja moja kutoka mwanzo na nyengine kutoka mwisho, hapo mipaka yako inakuwa tabu kuipanga. Mimi nafundisha C kwanza, ikishaingia ndo nawaonyesha ya kwako.

Fomu Foo Hesabu
Ya familia ya mistari nakubali, hapo umenishika. Lakini kwa fomu foo, ambako swali karibu kila mara ni "gradienti ni hii na mstari uliopinda unapita kwenye pointi hii", nitaendelea na mipaka. Mtoto wa miaka 17 akiwa kwenye mtihani na dakika zimemuishia, namtaka awe na njia isiyo na pa kusahau.

Mwalimu wa Jioni
Sawa, hatujakubaliana lakini wote tunataka mtoto apasi.

fundi wa mabomba Changamwe
Samahani mimi sio mwanafunzi, shule niliacha zamani lakini huwa nasoma haya mambo. Nauliza kitu cha kazi. Tangi la maji likitoboka chini, maji mwanzo yanatoka kwa nguvu halafu yanapungua pungua, na mteja anakuuliza litakwisha saa ngapi. Mimi huwa nakisia. Hii hesabu yenu inaweza kusema?

Mwalimu wa Jioni
Fundi karibu sana, na hilo ni swali zuri kuliko mengi ya vitabuni. Inaweza. Aliyeigundua ni Torricelli, Mtaliano wa miaka ya 1600: kasi ya maji kutoka kwenye tundu inafuata kipeuo cha pili cha kimo cha maji juu ya tundu. Kwa tangi lililonyooka juu mpaka chini:

dh/dt = -k√h

h ni kimo cha maji, k ni namba ya tangi na tundu lake.

Tenganisha na intigreti, unapata 2√h = -kt + C. Tuseme ulipofika ukapima kimo ni sentimita 100. Wakati huo ndo t = 0, kwa hivo 2 × 10 = C, C ni 20. Umekaa dakika 10 ukapima tena, ni 81. Basi 2 × 9 = 18 = 20 - 10k, k ni 0.2. Litaisha pale h = 0, yaani 0 = 20 - 0.2t, dakika 100 tangu ulipopima mara ya kwanza. Vipimo viwili tu. Kimoja kimekupa C na kimoja kimekupa k.

Tizama kitu: dakika 10 za kwanza limeshuka sentimita 19. Mtu wa kukisia angesema 19 kwa kila dakika 10, angesema litaisha dakika 53 hivi. Kumbe ni karibu mara mbili, kwa sababu nguvu inapungua kama ulivyoona mwenyewe kwa macho.

Na tahadhari kwa wanafunzi wanaosoma hapa. Ukilifungua jawabu inakuwa h = (10 - 0.1t)². Weka t = 120, unapata h = 4. Maji yamerudi kwenye tangi?? Hapana. Likishakuwa tupu linabaki tupu, ile fomula ni ya mpaka dakika 100 tu. Siku nyengine C uliipata sawa na kila kitu sawa lakini umelitumia jawabu nje ya mahali pake.

fundi wa mabomba Changamwe
Shukran maalim. Na je nikikuta lishaisha kabisa, mteja anataka kujua lilianza kuvuja saa ngapi?

Mwalimu wa Jioni
Hapo huwezi, na hesabu yenyewe inakwambia huwezi. Tangi tupu sasa hivi linaweza kuwa liliisha saa moja iliyopita ama wiki iliyopita, yote yanatimiza ile ikwesheni na yote yanaishia h = 0. Kahawa haiko hivo, ukiipima sasa na k unaijua, unaweza kurudi nyuma ukajua ilikuwa digrii ngapi nusu saa iliyopita, jawabu ni moja tu. Tangi likifika sifuri linasahau. Kule chuoni wanasema ikwesheni imepoteza upekee wa jawabu, na chanzo ni ile √h, mteremko wake pale sifuri unakuwa mkali usio na kikomo. Mimi nikilifikiria hili bado linanipa raha mpaka leo, kwamba fundi wa Changamwe na wanahisabati wamegonga ukuta ule ule.

mtoto wa bandarini
Mimi nataka kuongezea ya bahari, maana babangu alikuwa mvuvi na nimekulia kwenye maji kujaa na kupwa. Kutoka maji makuu mpaka yapwe ni kama saa 6 na dakika 12. Tuseme siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kasi ya maji kushuka inafuata dh/dt = -1.5 × 0.506 × sin(0.506t), t kwa saa tangu maji yalipojaa. Nikaintigreti nikapata h = 1.5cos(0.506t) + C. Yakijaa tuseme ni mita 3.4. Mwanzo niliandika C = 3.4 moja kwa moja, halafu nikaona maji hapo yanafika mita 4.9, nikajua nimeharibu. cos ya sifuri ni 1, kwa hivo 3.4 = 1.5 + C, C = 1.9. Na 1.9 ndo usawa wa katikati, maji yanapanda 1.5 juu yake na kushuka 1.5 chini yake, yakipwa yanabaki 0.4. Hapo ndo niliona C ina maana, sio herufi tu.

Mwalimu wa Jioni
Yakhe huu mfano nitauchukua kesho jioni niupeleke darasani, kwa idhini yako. Umeligundua kosa kwa kuijua bahari, sio kwa kuijua hesabu, na zote mbili zinahitajika. Siku ya maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ile 1.5 itakuwa ndogo zaidi, lakini usawa wa katikati unabaki pale pale karibu.

mwaka wa kwanza uhandisi
Mwalimu na hizo C zikiwa mbili? Sisi tumeanza za y''. Mimi naweka + C moja mwisho.

Mwalimu wa Jioni
Umeintigreti mara mbili, zimezaliwa mbili. Mkwezi yuko juu ya mnazi mita 15, anaangusha nazi. s ni kimo cha nazi, na s'' = -9.8. Intigreti: s' = -9.8t + C1. Intigreti tena: s = -4.9t² + C1·t + C2. Umeona C1 imefanywa nini? Imeintigretiwa na yenyewe, sasa imebeba t. Ukiiweka mwisho tu huwezi kuipata hiyo t hata siku moja.

Unahitaji habari mbili. Nazi imeachiliwa tu bila kusukumwa, kasi ya mwanzo sifuri, C1 = 0. Kimo cha mwanzo 15, C2 = 15. Inafika chini baada ya sekunde 1.75. Akiirusha kwenda chini kwa mita 2 kwa sekunde, C1 = -2, na anayepita chini ana muda mchache zaidi wa kukimbia.

kijana wa Bamburi
Haraka tu, kwenye ln|y| zile alama za pembeni nazitupa ama nabaki nazo? Na y = 0 mbona hupotea?

Mwalimu wa Jioni
Baki nazo mpaka uondoe ln. Chukua y' = y: |y| = e^C·e^x inakuwa y = ±e^C·e^x, na ile ±e^C unaiita A, kwa hivo A inaweza kuwa hasi. Ya y = 0 ilipotea ulipogawanya na y, kwa sababu kugawanya na sifuri hakuna. Irudishe kwa mkono, ndo pale A = 0. Kabla hujagawanya jiulize kila mara, je hiki kikiwa sifuri?

Na binti wa Tudor kama bado uko hapa, ntakupa lako ufanye usiku huu, y' + 2y/x = x, na y(2) = 3. Nimeiweka kwenye x = 2 makusudi.

binti wa Tudor
Niko mwalimu. Nimezidisha na x²: (x²y)' = x³. Nikaintigreti, x²y = x⁴/4 + C, C nimeiandika hapo hapo. Nikagawanya kila kitu na x², y = x²/4 + C/x². Nikaweka x = 2: 3 = 1 + C/4, C = 8. Kwa ile njia yangu ya zamani ningepata C = 2, nimejaribu nikaona tofauti.

Halafu nimerudisha kwenye ikwesheni. y' = x/2 - 16/x³. 2y/x = x/2 + 16/x³. Zile 16 zimeuana, imebaki x.

Mwalimu wa Jioni
Ni yayo binti yangu. Sasa lala, kesho una darasa.